Buletini Niliyoificha Kabatini

Vita vilipofika Mbau, mdogo wangu alimpandisha binti yake kwenye lori la mbao lililokuwa linakuja Butembo, mji wetu. Alimkabidhi kwa dereva, pamoja na mfuko mmoja wa nguo na barua. Yeye na mume wake walikimbilia Beni kwa jamaa, wakingoja kujua kama watarudi kwenye kakao yao. Barua yake kwangu, dada yake mkubwa, ilikuwa na mistari mitatu: "Yaya, unichungie mutoto. Yuko mwaka wa sita. Buletini yake iko ndani ya mufuko, hapana iangushe." Buletini ndiyo ripoti ya alama za shule.

Binti yangu pia alikuwa mwaka wa sita, wa mwisho wa shule ya msingi. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu kwenye shule ya parokia, na tangu baada ya Noeli nilikuwa ninamtayarisha kwa mtihani wa kuingia sekondari ya wasichana iliyo juu ya kilima. Shule hiyo iliongozwa na watawa, wale tunaowaita masere. Wasichana wengi walijaribu kila mwaka, na wengi walirudi nyumbani.

Mtihani huo nilikuwa nimeufanya mimi mwenyewe nilipokuwa msichana, nikaanguka. Miaka miwili baadaye mdogo wangu aliufanya, akapita. Baba alimbebea sanduku kwa miguu mpaka kilimani, akisimama kusalimia kila mtu njiani. Mimi nilibaki uani nikichambua maharage. Baadaye mdogo wangu aliacha masomo, akaolewa, akaenda kulima Mbau, nami nikawa mwalimu. Nilidhani mambo hayo yamekwisha.

Mtoto alifika na vumbi mpaka kwenye kope. Butembo ilimtetemesha kwa baridi, tukamvika sweta la mume wangu. Alikuwa mwembamba, mpole, wa kunyamaza. Nilimwonea huruma kweli kweli, kwa siku mbili.

Siku ya tatu, mchana baada ya shule, niliwaketisha yeye na binti yangu mezani, nikawasomea dikte, imla ya Kifaransa. Niliweka humo mtego ambao walimu wote tunaupenda: "Les lettres que ma mère a écrites," barua alizoandika mama yangu, ambapo kitenzi hufuata zile barua na kuongezewa "es". Binti yangu, niliyekuwa nimemfundisha kanuni ile majuma matatu, aliandika "écrit". Mtoto wa Mbau, aliyekuwa amepoteza karibu muhula mzima, aliandika "écrites", na herufi zake zote mbili za mwisho zilikuwa zimesimama wima.

"Ulijifunza wapi hii?" nilimuuliza.

"Kwa mwalimu wetu, mama mukubwa. Masomo ilikuwa ndani ya kanisa, sababu waasikari walilala ku masomo yetu. Alikuwa anaandika ku mulango na makala." Masomo kwao ni shule, na makala ni makaa.

Mume wangu, aliyekuwa akitengeneza mnyororo wa baiskeli mlangoni, alicheka kwa furaha. "Kumbe huyu amebeba akili ya mama yake," alisema.

Hakuwa na nia mbaya. Lakini neno lile liliniingia kama mwiba wa samaki kooni, na kila nilipomeza nililisikia tena.

Tangu siku hiyo nilianza kumchunguza. Nilimwangalia jinsi anavyoshika kalamu, jinsi anavyofunga macho kabla ya kutoa jibu la hesabu. Nilitafuta kosa kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Alipokosea moyo wangu ulikuwa mwepesi na nilipika vizuri. Asipokosea, nilikasirikia sufuria. Siku za soko la Musienene nilimtuma yeye akanunue viazi pamoja na jirani yetu, ili azikose hesabu ngumu nilizozipanga siku hizo hizo. Alienda bila kunung'unika. Akirudi, na kichwa kikimuuma kwa mzigo, binti yangu alimkalia karibu na kumweleza yote tuliyosoma. Kumfukuza binti yangu pale sikuweza.

Kisha nilifanya jambo ambalo mwalimu hafanyi. Niliwapa swali la shamba: kulizunguka ni mita mia mbili arobaini, na kila mita nne panasimikwa mti wa ua. Miti ni mingapi? Binti yangu aliandika sitini na moja. Mtoto wa mdogo wangu aliandika sitini. Sitini ndilo jibu, kwa sababu ua unajifunga na mti wa mwisho ndio wa kwanza. Nilijua. Nilikuwa nimelifundisha swali hilo mara nyingi. Nikachukua kalamu nyekundu, nikapiga mstari juu ya sitini.

"Mnaongeza moja," nikasema. "Daima."

Mtoto aliangalia karatasi yake, akaniangalia mimi. "Hata kama ni muzunguko, mama mukubwa?"

"Nimesema daima."

Aliinamisha kichwa, akaandika. Binti yangu naye aliandika, akatabasamu, kwa sababu kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyekuwa amepata.

Wakati wa kujiandikisha ulifika. Shule ilitaka buletini ya mwaka wa tano, yenye muhuri. Nilipanda kilimani na buletini moja tu, ya binti yangu. Ya mtoto yule niliiacha kwenye kabati, chini ya vitenge. Niliporudi alikuwa ananingoja mlangoni, mikono yake bado ina unga wa muhogo.

"Jina yangu banaandika, mama mukubwa?"

"Hapana. Masere wamekataa. Wanasema buletini yako haina muhuri, na mwalimu wako hayupo wa kuutia. Utajaribu mwaka mwingine."

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Alikung'uta unga mikononi, kisha akasema, "Ni sawa. Basi nitasaidia yaya," maana alimwita binti yangu yaya, ingawa walipishana miezi michache tu. Na akamsaidia. Mchana wote wa majuma mawili yaliyofuata alimsomea dikte yeye mwenyewe, kwa sauti yangu, akiiga hata ninavyokohoa kati ya sentensi. Walicheka sana wawili hao. Niliwasikia kutoka jikoni na niliona wivu hata juu ya kicheko.

Asubuhi ya mtihani ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Tulipanda watatu, kwa kuwa binti yangu alikataa kwenda bila yeye. Langoni masere mkurugenzi alikuwa amesimama na orodha, anaita majina. Alipoita la binti yangu, mtoto wangu hakuingia.

"Masere," alisema, "huyu ni mutoto wa mama mudogo. Ametoka Mbau. Naye anajua kuliko mimi. Buletini yake iko na muhuri, nimeiona ku kabati wakati nilikuwa napanga vitenge. Niko nayo hapa."

Akaitoa ndani ya daftari lake.

Wazazi wengine walikuwa karibu. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alikuwapo, na mama yake. Masere alifungua buletini, akapitisha kidole juu ya muhuri, akasoma alama. Kisha akaniangalia, si kwa ukali.

"Mwalimu, huyu hukumuandikisha?"

Nilikuwa na uongo mwingine tayari mdomoni. Nilipomtazama mtoto yule, alikuwa anaangalia miguu yake, anaona haya kwa ajili yangu, kana kwamba yeye ndiye aliyeficha kitu.

"Hapana, masere," nikasema. "Sikumuandikisha."

Masere akamgeukia mtoto: "Una kalamu?" Hakuwa nayo. Binti yangu alimpa moja ya mbili nilizomnunulia. Wakaingia.

Nilibaki nje na wazazi wengine, na hakuna aliyenisogelea. Walipotoka, niliuliza maswali yalikuwaje. Binti yangu alinijibu akiwa anatazama mbele: "Kulikuwa ile ya miti ya ua. Shamba la muzunguko. Niliongeza moja, kama ulisema."

"Na wewe?" nilimuuliza yule mwingine.

"Mimi sikuongeza, mama mukubwa. Unisamehe."

Tulishuka kilima. Nilitaka kusimama na kukaa chini barabarani, lakini kulikuwa na pikipiki zinapita, na watu.

Orodha ilipobandikwa, mtoto wa mdogo wangu alikuwa wa tano. Jina la binti yangu halikuwamo. Sijui kama swali moja ndilo lililomwangusha. Nimejiambia mara nyingi kwamba haliwezi kuwa moja tu. Alipelekwa shule nyingine, mjini karibu na soko, akasoma huko vizuri, na leo ni muuguzi. Lakini siku ile alisoma orodha mara mbili kutoka juu mpaka chini, kisha akamkumbatia binamu yake na kumwinua kutoka ardhini. Mimi nilikuwa nyuma yao na sikujua nimshike nani.

Nilishona mwenyewe sketi ya bluu ya shule. Niliikata vibaya mara ya kwanza, nikanunua kitambaa kingine, nikaanza upya.

Mdogo wangu alipanda kutoka Beni njia ilipotulia kidogo. Nilimwambia yote tukiwa jikoni, tunamenya viazi: soko la Musienene, kalamu nyekundu, kabati. Nilitegemea atasimama na kumchukua mtoto wake. Aliendelea kumenya mpaka kiazi alichoshika kikabaki kidogo kama yai la njiwa.

"Mutoto hakuniandikia hata kimoja cha hayo," alisema mwishowe. "Aliandika kwamba unamulisha muzuri na kwamba huku kuna baridi."

Kisha aliuliza kama kuna chumvi. Hakulitaja tena, si siku ile wala baadaye, na mimi bado sijui kama alinisamehe au aliamua tu kutokupoteza dada katika miaka ambayo watu walikuwa wanapoteza kila kitu.

Wasichana wale wamekuwa wanawake. Wana watoto wao. Binti yangu anapopata shida, simu ya kwanza anampigia binamu yake aliye Beni, na mimi napata habari siku ya pili au ya tatu, ikiwa imeshapoa. Wakikutana kwangu wanakaa uani, vichwa vimekaribiana, wanaongea chini chini. Nikitoka na chai wananyamaza kwa adabu, wananipa kiti, wananishukuru. Nakaa nao kidogo. Kisha nawaachia, narudi ndani, na naona uchungu ule ule ukipanda, safari hii juu ya binti yangu mwenyewe, kwamba kuna mtu anayempenda kuliko anavyonipenda mimi.