Kamera ya Mjomba Ovey

Ijumaa ya tatu ya Kwaresima nilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, mikono imejaa unga wa mahindi, nakaanga kambare wa kuuza kwa ajili ya parokia, simu ikalia. Nikamwomba mwenzangu anishikie sikioni. Aliyepiga alikuwa Anti Earline, mke wa mjomba wangu.

"Verna, mwanangu, mjomba wako ametutoka. Alikaa barazani anakunywa kahawa. Nimeingia ndani kufuata sukari, natoka, hayupo tena."

Nikamuuliza swali la kipumbavu, kama kahawa aliimaliza.

"Nusu," akasema, na hapo ndipo tulipoanza kulia wote wawili.

Mjomba wangu Ovey Meaux hakuwa mtu mkubwa. Maisha yake yote ya kazi aliendesha gari la wilaya la kupuliza dawa ya mbu, akienda mwendo wa konokono huku mbwa wakimbwekea. Alisali rozari kila siku, na alikuwa mwindaji. Kwetu huku kusini mwa Louisiana, mwanamume atakuambia mshahara wake, ugonjwa wake, hata dhambi alizoungama kwa padri, lakini hakuambii anapowindia kulungu. Anti Earline mwenyewe hakujua.

"Ukianguka ukafa huko, nikutafute wapi?" alikuwa akimuuliza.

"Angalia tai wanapozunguka."

Siri hiyo ndiyo iliyomtia matatani.

Baada ya mafuriko ya kile kimbunga kikubwa, wilaya ilinunua pampu za kuvuta maji, na baadhi zikatoweka. Mwenyekiti wa wilaya, Dudley Castille, akamnyooshea kidole mtunza stoo, Nolan Comeaux, mtu ambaye hajawahi kuchukua hata taulo la hoteli. Nolan akafunguliwa mashtaka ya wizi.

Sasa, wawindaji wetu hufunga kamera ndogo kwenye mti, nayo hupiga picha yenyewe kila kinapopita kitu. Mjomba alikwenda kutazama kulungu wake wanaendeleaje, akamkuta Castille kwenye picha. Mchana kweupe, mwenyekiti amevaa fulana ya ndani, anakokota pampu ya wilaya kwa gari lake kuelekea kwenye mabwawa yake ya kufugia kamba.

Mjomba akazipeleka picha kwa mwendesha mashtaka, Bwana Haydel.

"Umezipiga wapi?" Haydel akauliza.

"Msituni."

"Msitu gani, Bwana Meaux?"

"Ule wenye miti."

Haydel akamweleza kwamba picha isiyojulikana ilipopigwa ni kazi bure. Mjomba akamjibu kwamba kila kitu kinaonekana, hadi kitambi cha Castille. Akaondoka akidhani amemaliza. Haydel akazitia picha kwenye droo, asimwambie mtu, hata wakili wa Nolan, ambaye kisheria ilikuwa lazima aambiwe.

Kesi ikaanza. Siku ya kwanza hakuna picha, siku ya pili hakuna. Pale kituo cha mafuta cha Wilbert, wazee wanapokunywa kahawa asubuhi, ambako Mjomba alikwisha kuzisimulia picha zake, maneno yakawaka.

"Mawakili wote ukoo mmoja. Huyu anachimba, yule anafukia."

"Haydel na Castille wanavua samaki mtumbwi mmoja, nyie mnategemea nini?"

"Au labda Ovey hana picha yoyote," Wilbert akasema akijaza vikombe. "Labda alimpiga picha kindi mnene."

Wakacheka. Mjomba akawaka naye, akiwaapia kwamba mawakili wamezificha. Hakuwaambia kwamba yeye mwenyewe alikataa kutaja mahali.

Jumapili, tukitoka Misa, nilimuuliza. "Mjomba, uliwaambia ulikofunga kamera?"

"Verna, kuna mambo ya mtu na Mungu wake."

"Nolan naye ana Mungu wake. Na ana miaka ya jela inamngoja."

Akavaa kofia, akaondoka bila kuniaga. Kumbe alilala na lile neno, maana Jumatatu asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa wakili wa Nolan, dada mmoja anayeitwa Tran. Siku hiyohiyo Bi Tran akasimama mbele ya jaji akazidai picha.

Haydel akainuka, shingo nyekundu. "Mheshimiwa, shahidi alikataa kutaja mahali. Niliona hazina uzito."

Ukumbi mzima ukaguna.

"Uzito napima mimi," jaji akasema. Akamwita Mjomba. "Bwana Meaux, kamera ilikuwa wapi?"

Mjomba akatazama dari, kisha akawatazama watu. Nusu yao walikuwa wawindaji, wengine wamekuja na mabuti yao.

"Mheshimiwa, naweza kukunong'oneza?"

"Hapana."

"Hata kukuchorea?"

"Kwa sauti, Bwana Meaux. Wote wasikie."

Akasema. Nyuma ya kinu cha zamani cha mpunga, ufuate mtaro hadi mwaloni ulioanguka, ukate kulia, utakuta kipande cha nchi kavu katikati ya kinamasi. Mwanamume mmoja mbele yangu alifumba macho, midomo inacheza, na wala hakuwa anasali.

"Kabla ya lango la Castille au baada?" jaji akauliza.

"Kabla. Kwani Mheshimiwa nawe unawinda?"

"Jibu maswali tu."

Nolan aliachiwa huru, akarudi kwake wiki hiyo. Castille baadaye alikiri kosa. Haydel alipewa karipio, kazi akabaki nayo, na kwa Wilbert mpaka leo wanasema lazima iko droo nyingine kubwa zaidi. Walipomtaka Mjomba naye amtukane Haydel, alikataa.

"Yeye alificha kwenye droo, mimi nikaficha msituni," aliwaambia. "Nolan ndiye aliyekosa usingizi."

Msimu wa kuwinda ulipofunguliwa, alikuta magari yamejaa pale kama harusini. Mmoja alikuwa amekuja hadi na jiko la gesi. Akarudi nyumbani, bunduki haijatoa hata risasi moja.

"Haya Earline, sasa unajua pa kunitafuta."

Tulimzika Jumanne iliyofuata ile simu. Nolan alimwomba Anti Earline ruhusa ya kubeba jeneza, akashika upande wa mbele. Bwana Haydel alikuja peke yake, akakaa benchi la mwisho. Anti alimpa mkono, akasema, "Asante kwa kuja," basi. Huku kwetu ukichimba unakuta maji, kwa hiyo tulimweka kwenye kaburi la matofali juu ya ardhi, karibu na mama yake, bibi yangu. Padri akanyunyiza maji ya baraka, tukasali Baba Yetu na Salamu Maria, tukamwombea raha ya milele. Fundi akaanza kuziba. Anti Earline alisimama hadi tofali la mwisho, kisha akanishika mkono tukaenda kwenye gari.