Bapa la Saba Upande wa Kushoto

Nilimwambia dereva wangu pale bandarini, mbele ya wapakuzi na mawakala wa forodha: "Tairi la mbele likilika tena, kazi yako kwangu imekwisha." Sikupaza sauti. Watu walikuwa wamenyamaza ili wasikie, na wakasikia.

Alikuwa amenifanyia kazi miaka kumi na mmoja. Ana watoto watano huko mtaa wa Kinama na nyumba ambayo bado haijapigwa lipu. Hayo yote niliyajua nilipokuwa nasema.

Mimi shule niliiacha darasa la pili. Nilianza kwa kusukuma baiskeli yenye magunia kutoka bandarini, na lori langu nililinunua bila kumpigia mtu magoti. Kwa hiyo nimezoea kuamua. Nikishaamua, nafunga mdomo na mkoba.

Lori lilikuwa linavuta kulia. Tairi la mbele upande huo lilikuwa linalika kwa ndani mpaka nyaya zinaonekana, na kwa nje bado jipya. Mara ya kwanza nikabadilisha pivo, ile misumari minene inayoshika magurudumu ya mbele yageuke. Ziliagizwa Dar, tukangoja majuma, na faida ya mwezi ikaenda. Mara ya pili nikabadilisha rotile, vile viungo vya mviringo kwenye fimbo za usukani. Kila mara, baada ya hapo, nililipeleka karakana moja ya Zone Industrielle, kule kwenye viwanda, yenye mashine ya paralelisme, yaani ya kunyoosha magurudumu ya mbele yaende sambamba. Walinipa karatasi yenye namba. Sikuisoma. Nililipa, nikanunua tairi mbili, na tairi zikalika.

Dereva alikuwa ananiambia, "Muzee, hii kamio inavuta kulia. Mi nashikilia usukani mpaka mabega inauma."

Nikamjibu, "Mabega yanakuuma kwa sababu unapanda mashimo kama mtu anayepanda ngazi."

Hapo ndipo nilipokwenda kumsema bandarini. Nikamfungia tairi mpya mbili, za mwisho. Majuma matatu hayakuisha. Alilileta lori nyumbani kwangu saa nne asubuhi, akasimama kando ya gurudumu, wala hakujaribu kulificha.

"Imelika, muzee."

Ningeweza kuchukua funguo palepale. Lakini nilitaka shahidi. Nilitaka fundi aseme kwa mdomo wake kwamba ni uendeshaji mbaya, ili Kinama wasije wakasema nimemfukuza mtu bure. Tukaenda wote wawili kwa fundi mmoja Mkongomani anayefanya kazi kwenye kiwanja kitupu, bila mashine. Yeye ananyoosha magurudumu kwa uzi wa wavuvi, anaouvuta kutoka tairi la nyuma mpaka la mbele, halafu anapima nafasi kwa rula ya shule.

Siku hiyo uzi hakuutoa. Alilizunguka lori mara mbili, mikono nyuma. Akasimama mbele yake kama mtu anayepigwa picha.

"Papa," akaniambia, "hii gari inasimama sawa mutu mwenye anabeba mutoto upande moja."

Akaingia chini. Resori za mbele ni mabapa ya chuma yaliyolaliana na kufungwa pamoja. Akaanza kuyahesabu kwa kidole, kwa sauti, upande wa kulia kwanza.

"Kulia iko sita. Kushoto iko saba. Nani aliongeza?"

Dereva aligeuza uso akatazama barabara.

Alikuwepo siku lilipoongezwa. Mazutu, yaani dizeli, ilikuwa imepotea mjini, malori yanalala kwenye foleni siku tatu, siku nne. Nikapata akili, nikafunga tanki la pili upande wa kushoto, karibu na gurudumu la mbele, ili siku mazutu ikipatikana nijaze ya safari nyingi. Tanki likijaa, lori likainama kushoto. Nikatafuta bapa la chuma kwenye vyuma chakavu, nikampa mchomeleaji alikate, nikaliongeza kwenye resori ya upande huo. Lori likasimama wima. Nilijisifu mwezi mzima.

Dereva aliniuliza siku hiyohiyo, "Muzee, na siku tanki haina kitu?"

"Siku hiyo utaendesha kwa maji," nikamjibu.

Mazutu ikaja ikawa ya kupimiwa, na tanki lile halikujaa tena. Lakini bapa la saba lilibaki, gumu, limeinua upande wa kushoto, na mzigo ukaegemea kulia. Ekseli ya mbele ikawa imekaa mshazari. Gurudumu lilikuwa linakwenda mbele huku linajisugua kwa ubavu. Mafundi wote walionirekebishia lori sikuwaambia habari ya bapa. Hawakuuliza, nami sikuona kama ni jambo.

"Ni mimi," nikamwambia fundi.

Akacheka mpaka akakaa chini. "Sasa papa, ulikuwa unanunua tairi ya kulisha ile chuma!"

Kulitoa bapa ilikuwa bei ya chai ya watu watatu. Yale liliyoharibu ndiyo yaliyonikamata. Pivo ya kulia tena, bushi za resori pande zote mbili, rotile moja, halafu uzi na rula. Nikijumlisha kichwani tangu mwanzo, pamoja na tairi, ningepata injini nzima iliyotumika. Nililipa bila kuomba kupunguziwa.

Kesho yake dereva alilijaribu kwenye barabara tambarare, akaachia usukani, lori likaenda moja kwa moja. Akarudi, akazima, akanitia funguo mkononi.

"Kamio iko sawa, muzee. Mi naenda."

"Unaenda wapi? Si tumeshajua kosa si lako?"

"Tumejua watu watatu. Bandarini hawajue. Kule ndiyo ulinisema. Leo nikiomba kazi kwa mutu mwingine, ananiita mula-tairi."

Nilitia mkono mfukoni. Akautazama ule mkono.

"Apana, muzee. Iyo weka, utanunua tairi."

Sijazoea kuomba radhi. Nilipokuwa mdogo waliniomba wachache, na wakubwa zaidi yangu hawakuniomba kabisa. Nilikaa siku moja nzima na funguo zile mezani, na dereva wa kukodi nilimjua, ningempata kwa simu moja. Sikuipiga.

Keshokutwa yake nikaliendesha lori mwenyewe, nikampitia kwake Kinama, tukaenda bandarini. Wapakuzi walikuwa wamekaa juu ya magunia wakingoja mashua ya Kigoma ifunguliwe. Nikasimama.

"Mlinisikia nikisema dereva wangu anakula tairi. Si yeye. Ni mimi niliyezila. Niliongeza bapa la saba kwenye resori ya kushoto, nikanyamaza, nikamtwika yeye."

Wakatazamana. Kisha mpakuzi mmoja, mzee kama mimi, akauliza, "Sasa muzee, tairi iko na ladha gani?"

"Ghali," nikasema.

Walicheka wakapigana mabega. Dereva hakucheka. Alipokea funguo, akapanda, akafunga mlango, akateremsha kioo.

"Muzee. Kutoka leo, kitu kikifungwa kwa hii kamio, mi nikuwe napo. Na nikisema neno, unalisikia mbele ya kujibu."

Nikaitikia kwa kichwa. Hakuwasha. Aliendelea kunitazama, mikono juu ya usukani, na wapakuzi nao wakatazama.

"Nimesikia," nikasema.

Ndipo akawasha.