Picha Iliyolambwa na Mbuzi

Ukipita sokoni Baraka ukainua macho kidogo, unasoma mkono wa Casimir Asukulu bila kujua. Saluni, duka la dawa, mashine ya kusaga mihogo, kanisa lile lenye lango la bluu: karibu kila herufi iliyosimama wima imetoka kwenye brashi yake. Hata maboti makubwa yanayopanda Uvira alibatiza yeye. Ana miaka hamsini na miwili, ni mrefu na mwembamba, vidole vyake vimeshika rangi ambayo hata petroli imeshindwa kuitoa, na kuna kitu kimoja hakivumilii kabisa: uchafu pembeni ya herufi. Brashi ikiteleza nje ya mstari wa penseli, anafunika ukuta mzima kwa chokaa na kuanza upya. Mwenye duka atangoja.

Mke wake, Constance, ni mtu wa namna nyingine. Anaimba kwaya, anacheka kwa sauti, na kikitangazwa chochote kanisani, jina lake linakuwa la kwanza kwenye karatasi. Ndivyo ilivyokuwa masista wa Nundu walipotangaza wikendi ya bamama: kulala kwenye nyumba yao karibu na ziwa, kupumua kidogo, na kujifunza kutengeneza picha za tabaka, yaani karatasi juu ya nguo, udongo juu ya karatasi, rangi juu ya yote. Constance alihesabu siku kama mtoto anayengoja Noeli.

Alhamisi simu ikalia. Binti yao Tania, aliyeolewa Lulimba, alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Saa hiyo hiyo Constance akaanza kufunga mizigo.

"Papa Tania, nafasi yangu utaenda wewe," alisema huku akikunja kanga za mtoto.

"Miye? Kubandika makaratasi na bamama? Ile ni kazi ya batoto ba masomo."

"Jina langu iko kwa liste. Nafasi ibaki bule, na banamuke wengine balikosa? We uende."

"Mi niko na ukuta wa duka ya kumaliza."

"Ukuta iko na miguu? Itakimbia?"

Kesho yake asubuhi, Constance akiwa tayari amekaa nyuma ya pikipiki, mfuko mapajani, alimkumbusha kwa kelele: "Kila mutu abebe makaratasi ya zamani na vipande ya bikwembe! Biko kwa sanduku ya bati!" Pikipiki ikaondoka, ikamwachia vumbi na maswali.

Akafungua sanduku la bati kama mtu anayetimiza adhabu. Akachota vipande vya vikwembe, yaani vitenge vilivyochakaa, kalenda ya miaka mingi iliyopita, ripoti za shule za watoto na bunda la karatasi lililofungwa uzi. Akavisukuma vyote mfukoni bila kuangalia. Miwani yake ya kusomea aliiacha dirishani, na hilo alilijua tu alipokuwa Nundu, akishindwa kusoma baji aliyokabidhiwa mlangoni.

"Imeandikwa nini hapa?" alimuuliza mwanamke aliyesimama nyuma yake kwenye foleni.

Huyo alikuwa Vanessa, muuguzi wa palepale Nundu, mnene kidogo, mwenye meno yaliyoachana mbele. Aliisogelea baji akaisoma, akashika mdomo. "Imeandikwa *Constance*, papa."

Casimir akamgeukia sista, akamweleza habari ya Lulimba na mjukuu. Sista akampongeza sana kwa mjukuu, akasema baji nyingine haiko. Basi kuanzia Ijumaa jioni, kati ya wanawake kumi na mwanaume mmoja, mwanaume ndiye aliyeitwa Constance. Kwenye sahani ya bugali na sombe ya majani ya muhogo: "Constance, usogeze chumvi." Kwenye sala ya jioni: "Constance atatusomea zaburi." Hakusoma, kwa sababu ya miwani. Walidhani ana haya, wakampenda zaidi.

Mwalimu wao alikuwa Clarisse Ndikuriyo. Aliingia kambi ya wakimbizi ya Lusenda akiwa msichana wa miaka kumi na mitano, mwaka ule Warundi walipofika kwa wingi, na hapo kambini alianza kutengeneza picha kwa maboksi ya msaada, kwa sababu maboksi ndiyo yaliyokuwepo. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mpole, mwenye kusema Kiswahili cha Fizi kwa wimbo wa Kirundi. Jumamosi asubuhi aliwaweka barazani na kumpa kila mtu kipande cha kartoni, bakuli la gundi iliyopikwa kwa unga wa muhogo, chokaa, udongo mwekundu na makaa yaliyosagwa.

"Chini kabisa, mubandike kile mulileta toka nyumbani," alisema. "Juu yake nguo. Juu yake chokaa na gundi, nyembamba. Kisha tutakwaruza, tutasugua na maji, na kile kiko chini kitaanza kutuchungulia."

Casimir akainua mkono. "Mwalimu, mi niulize. Kama tutakifunika, tunakibandika ya nini?"

"Hatukifunike yote, papa."

"Na kama tutakikwaruza, tulikifunika ya nini?"

Wanawake wakacheka. Clarisse naye akacheka. "Ufanye kwanza, papa Constance. Kisha uniulize tena."

Akafanya. Alifungua lile bunda la uzi, akabandika karatasi zake moja baada ya nyingine. Kwa macho yake yalikuwa maandishi tu, michirizi ya bluu iliyofifia. Akapiga kikwembe juu, kipande cha kijani chenye ndege. Akapiga chokaa. Lakini Casimir hajui kupiga chokaa nyembamba; mkono wake umezoea kuta. Alipiga mara tatu, akalainisha kwa kisu, hata kartoni yote ikawa nyeupe kama kaburi la chifu. Kisha, kwa makaa na udongo mwekundu, akachora neno BARAKA kwa herufi kubwa zenye kivuli, safi, zimenyooka, bila hata nukta nje ya mahali pake.

Alisimama nyuma akaiangalia. Akaangalia na za wengine: ya Vanessa ilikuwa imevurugika, kipande cha gazeti kikitokea hapa, ua la kikwembe pale, alama ya kidole kila kona. Akajisikia vizuri.

Clarisse alisimama mbele ya ile picha nyeupe kwa muda. "Papa, unajua kazi," alisema. "Mi nilikuwa sijaona herufi sawa hizi. Lakini picha yako imefungwa kama duka siku ya Mungu. Nagonga, hakuna mutu."

Neno hilo lilimchoma. Alikumbuka ukuta mmoja pale sokoni, ambao ameupaka mara saba kwa maduka saba yaliyofuatana, na kila mara alifunika jina la zamani mpaka lisionekane kabisa. Wenye maduka walimlipa kwa hiyo. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ukuta ule umefungwa.

Picha ziliegemezwa uani kwenye ukuta wa jiko ili zikauke juani, na watu wakaenda ziwani kunyoosha miguu. Aliyebaki uani ni mbuzi wa mpishi, jike jeupe lenye sikio moja lililokatika. Mbuzi huyo alikuwa na kamba. Kamba ilikuwa na urefu wake. Lakini unga wa muhogo uliopikwa una harufu yake, na mbuzi akivuta kwa nia nzuri, kigingi kinaelewa.

Vanessa ndiye aliyerudi wa kwanza. Kelele zake zilifika majini.

"Constance! Constance, kuya! Mbuzi anakula Baraka!"

Casimir alikuja mbio, suruali imekunjwa magotini, kiatu kimoja mkononi. Mbuzi alikuwa amepita picha kumi zenye gundi kidogo na kwenda moja kwa moja kwenye ile yenye chokaa mara tatu. Alikuwa ameilamba na kuichuna kutoka kushoto, taratibu, kama mtu mwenye adabu. Herufi tatu za mwanzo hazikuwepo tena. Ndege mmoja wa kijani alikuwa akining'inia mdomoni mwake.

Casimir alimfukuza mbuzi, akakaa kwenye ngazi ya jiko, akavaa kiatu. "Mi narudi Baraka," alisema. "Muniitie pikipiki."

"Papa, ngoja," alisema Clarisse. Alikuwa amechuchumaa mbele ya picha. Pale ambapo mbuzi alilamba, chokaa ilikuwa imetoka, kikwembe kimeraruka, na chini yake karatasi ilikuwa imelowa na kung'aa, maandishi yake ya bluu yametoka wazi. "Hii ni maandishi ya nani? Mazuri hivi?"

Vanessa akainama na kusoma kwa sauti yake ya wodini, ile inayofika kitanda cha mwisho.

"*Constance wa moyo wangu. Nakuandikia toka Nyarugusu. Hapa vumbi ni nyingi na ziwa iko mbali, lakini kila asubui naangalia upande yako...*" Akamgeukia Casimir, akaangalia baji yake. "Papa, hii barua uliandikiwa wewe?"

Kicheko kilipasuka uani, mpaka sista akatoka kuuliza kuna nini. Casimir peke yake hakucheka. Alikuwa ameinuka kwenye ngazi.

Alikuwa na miaka ishirini na minne vita vilipomvusha ziwa kwenda Tanzania. Huko kambini walimpa kazi ya kuandika namba kwenye milango ya nyumba za udongo, na ndipo mkono wake ulipozoea kunyoosha herufi. Constance alikuwa amebaki upande huu, kwa shangazi yake. Barua ile aliiandika mara tano kabla ya kuipeleka kwa mtu aliyekuwa anarudi Fizi, na ile C ya mwanzo aliizungushia majani na maua. Hakujua kwamba bado ipo. Hakujua kwamba mke wake, aliyehama nyumba mara sita na kupoteza sufuria, vitanda na picha za harusi, alikuwa ameifunga uzi na kuitunza chini ya sanduku la bati. Na yeye ameichukua, ameipaka gundi ya muhogo, na nusu yake ingali chini ya chokaa.

"Niliiandika miye, kwa mama Tania. Nilikuwa bila miwani," alisema.

Wakaacha kucheka. Vanessa akamshika mkono. Clarisse akaleta maji, kitambaa laini na kijiko. "Karatasi imeshikana na kartoni, haitatoka," alisema. "Tukiivuta, itararuka. Lakini chokaa inaweza kutoka. Ufanye weye, papa. Polepole."

Kwa hiyo alasiri yote Casimir alifanya kazi ambayo hakuwahi kuifanya maishani: kutoa rangi. Alilowesha, akasugua, akangoja, akasugua tena. Mahali pengine maandishi yalitokea. Mahali pengine karatasi ilikuwa imekwisha, na hapo aliacha kikwembe au weupe. Herufi za AKA zilizosalia alizisugua pia, zikabaki kivuli chekundu. Clarisse alipita mara moja tu, akagonga kartoni kwa kidole, akaenda zake. Jua lilipolegea Casimir alikuwa na udongo mpaka kwenye nyusi, na alikuwa akiimba kidogo.

Jumapili baada ya misa, jamaa walikuja kuona. Constance alifika saa sita kutoka Lulimba, mwekundu kwa vumbi la barabara, kichwa kimejaa habari za mjukuu. Alianza kusimulia tangu getini: uzito, nywele, namna anavyofanana na mama mkwe wa Tania, kwa bahati mbaya. Casimir alimshika kiwiko akampeleka mbele ya picha.

"Mama Tania, nilifanya makosa. Makaratasi ya ndani ya uzi... sikuyaangalia."

Constance aliisogelea picha. Aliangalia ile C yenye majani, akaigusa kwa ncha ya kidole, kisha akagusa sehemu nyeupe chini yake, ambako maneno hayakurudi. Watu wote barazani walijifanya wanaangalia picha nyingine.

"Hapa," alisema mwishoni, akionyesha ule weupe, "hapa uliandika: *Kama unanikubali, uandike jibu kwa hii kalamu ya bic niliyokutumia. Kama unanikataa, unirudishie bic, niliiazima.*"

"Unakumbuka?"

"Papa Tania, nilisoma ile barua mpaka nikaichoka. Naijua yote, na makosa yake. *Asubui* bila h." Alikuwa anacheka na kulia pamoja, kama afanyavyo kwaya ikimaliza wimbo mzuri. "Na bic yenyewe, yule mwenyeyo ulimurudishia?"

"Ulinikubali. Ningemurudishia nini?"

Hapo Vanessa, aliyekuwa akijifanya kutazama dari, alishindwa kabisa, na baraza zima likapiga vigelegele. Mbuzi, aliyefungwa sasa kwa kamba mbili, akaitikia.

Walirudi Baraka na kartoni kati yao, imefungwa ndani ya kikwembe, Constance akimwamuru mwendesha pikipiki kila kilomita apunguze. Siku mbili walibishana iwekwe wapi. Casimir alitaka chumbani, mahali wageni hawaendi. Constance alitaka sebuleni, na ndiko iliko.

Kazi yake ya herufi inaendelea, na bado mstari ukitoka nje anakasirika. Ila mwezi uliofuata Clarisse alimwomba aje Lusenda, kwa sababu vijana wake wanajua kubandika na kukwaruza lakini herufi zao zinalala kama walevi. Alienda Jumamosi moja, halafu nyingine. Siku ya kwanza walimuuliza jina, naye, kabla hajafikiri, akajibu: "Papa Casimir. Lakini Nundu banajua jina ingine, na hamutaisikia kwangu." Kisha akawagawia penseli, akawaambia wachore mstari mmoja ulionyooka, aone nani anaweza.