Siku Tuliposhinda kwa Neno "Worst"

Juzi binti yangu alikuwa akifanya kazi ya shule mezani, nikamsikia akijisomea, "Big, bigger, biggest." Niliacha kukata sukuma wiki, nikabaki nimeshika kisu. Rafiki yangu, papo hapo nilirudi kimawazo Pumwani, mtaani kwetu Majengo, Nairobi.

Darasa letu lilikuwa la mabati. Mvua ikinyesha, mwalimu alinyamaza tukabaki kutazamana tu. Lakini siku moja ya jua alitutoa nje, akatupanga ukutani kwa kimo. "Huyu ni tall, huyu taller, yule tallest!" Kisha akasema, "Kiswahili ukitia 'kuliko' umemaliza. Kiingereza hubadilisha neno lenyewe, na mengine ni makaidi. Hayo makaidi mtayakariri."

Tuliyakariri tukichota maji, tukisugua sufuria, tukiruka kamba: good, better, best, bad, worse, worst. Harufu ya nyama choma ya soko la Burma ikitufikia, tulipaza sauti zaidi ili tusahau njaa.

Muhula wa pili tukaalikwa kushindana na shule ya watoto wa wakubwa. Walivaa soksi nyeupe hadi magotini. Mmoja akanong'ona, "Hawa wa Majengo kwani wanajua Kizungu?" Nilimsikia, nikauma midomo.

Swali la mwisho lilitukuta tukiwa sare. Mwamuzi akasema, "Bad." Mvulana wao akasimama wima: "Bad, badder, baddest." Mwamuzi akatikisa kichwa, akanigeukia. Ulimi ulikuwa umeshazoea. "Bad, worse, worst!" Mwalimu wetu, ambaye hatukuwahi kuona meno yake, aliruka kitini akicheka.

Tulirudi kwa miguu, tukiimba barabara nzima. Nyanya yangu alikuwa mlangoni akipepea jiko.

"Mbona kelele hivyo? Mmeshindwa?"

"Tumeshinda, nyanya! Ni mimi nimejibu la mwisho!"

Alipiga vigelegele hadi jirani yetu, fundi wa viatu vya tairi, akatoka na nyundo mkononi. "Ni mtoto wetu!" nyanya akamwambia. Wetu, si wangu. Jioni ile ploti nzima, vyumba vyote vya ua wetu, ilikula chapati, na kila mlango ulileta unga wake.

Ploti ile sasa ni ghorofa lenye geti. Nyanya alishatutoka, na mwalimu sijui alikohamia. Hapa ninapoishi, mtoto wa jirani alifaulu mtihani mwaka jana, nami nikaja kusikia baada ya miezi. Sisi tulilelewa na watu ambao ushindi wa mtoto mmoja uliwatoa wote nje.