Mabega ya Senge kwenye Mazurka

Jamani, leo nimefundishwa piano na mtu ambaye hajawahi kuigusa! Kama imewahi kukutokea, niambie hapo chini.

Nilikuwa kwenye piano ya kanisa hapa Kitale nikifanya mazoezi ya mazurka, ya mtihani wa Jumamosi. Hiyo ni ngoma ya wakulima wa Poland, ambayo mtunzi mmoja wa huko aliigeuza iwe ya piano zamani sana. Mwalimu wangu amechoka na mimi. Ati naipiga kama gwaride.

Senge, dadake baba, alikuwa ametoka Kabuchai kunitembelea. Nikamwambia akae nyuma anyamaze, hii ni vitu ya wasomi.

(Ndio, nilisema hivyo. Nihurumieni.)

Nikapiga mara tatu. Akasimama.

"Si hii ni ya kucheza? Mbona unapiga kama watu wamekaa?"

Kabla nijibu, akaanza kutikisa mabega vile tunatikisanga kwa harusi kwetu Bungoma. Na bega likawa linaanguka pale pale, kwa ile noti mwalimu amenililia miezi mitatu niikazie!

Nikaacha kitabu cha noti, nikafuata mabega.

Bana, wimbo ukaamka.

Tulipomaliza nikamwambia huyo mtunzi alitoka kwao akiwa kijana, na hakurudi tena mpaka akafa ugenini.



"Kumbe alikuwa anacheza peke yake," Senge akasema, akajifunga leso upya. "Rudia. Tumsindikize."