Mama Alipoongoza Kikao cha Kumjadili Mama

Wanaowajibika ni wawili: mdogo wangu wa kiume, mfanyabiashara wa vipuri vya magari mjini Arusha, na mdogo wetu wa kike, mtumishi wa ofisi moja mjini Dodoma. Hakuna wa tatu. Si jirani, si daktari, wala si mkoa mpya, ingawa mkoa mpya umesingiziwa mengi. Ninaanza na hili ili msomaji asihangaike kumtafuta mkosaji katikati ya maelezo, kama nilivyolazimika kufanya katika taarifa nyingi nilizoletewa nikiwa mtumishi wa umma.

Mama yetu aliongoza vikao maisha yake yote. Alishuka kutoka milima ya Mbulu akiwa bibi harusi, na kabla hatujamaliza shule alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, kisha wa akina mama wa kanisani, kisha wa kikundi cha wakulima wa mbaazi. Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha na makao makuu yakaletwa kwetu Babati, alipewa uenyekiti wa kamati ndogo ya mapokezi, upande wa chakula. Wageni walikula wakashiba, kamati ikavunjwa. Kichwani mwa mama, hata hivyo, kamati hiyo haikuvunjwa kamwe.

Nilistaafu miaka michache baadaye, nikiwa nimefiwa na mke, nikarudi Nangara, mtaani kwetu Babati, kuishi na mama. Asubuhi iliyofuata nilikuta viti vyote vya nyumba vimepangwa uani kwa mistari iliyonyooka. "Wageni wa mkoa wanafika," aliniambia, na kunituma maji. Alinichukulia kuwa tarishi. Nimewahi kusimamia idara yenye matarishi wake, lakini cheo hicho nilikipokea bila kukata rufaa, kwa kuwa tarishi angalau alimiminiwa chai. Asiyekuwa na cheo chochote alifukuzwa.

Siku moja nilipokwenda sokoni, alivaa kitenge chake cha vikao akaenda stendi. Alisimama mlangoni pa basi lililotoka Singida, akawakaribisha abiria kwa niaba ya wananchi wote wa Babati, na baadhi yao wakamfuata nyumbani. Niliporudi niliwakuta sebuleni wakila ugali kwa samaki niliokuwa nimewahifadhi kwa ajili ya Jumapili. Mmoja wao alikuwa mtumishi kweli, aliyehamishiwa Manyara na kuja kuripoti kazini. Alininyanyukia, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Mzee, nimefanya kazi mikoa mingi. Sijawahi kupokelewa hivi."

Nilimwambia karibu. Ningemwambia nini? Mwenzake alikuwa msafiri aliyekuwa akielekea Arusha, na basi lake lilikuwa limekwisha kumwacha.

Nilimpigia simu mdogo wangu wa kiume kumweleza jambo hilo kwa uzito wake. Alicheka hadi akakohoa. "Kaka, mgonjwa gani anapikia kundi la watu peke yake? Mama yuko fiti. Labda wewe ndiye umechoka."

Hakutaka kusikia sehemu ya pili ya taarifa: jiko la mkaa lililoachwa likiwaka juu ya mkeka, mkeka ukaanza kushika moto huku mwenyekiti akiwa stendi. Wala hakutaka kusikia maelezo ya daktari, ambaye alinifafanulia bila kuficha kwamba ugonjwa huu wa kusahau hufuta ya jana na kubakiza mazoea ya miaka mingi. Kwa hiyo, alisema, mgeni wa saa moja atamwona mzima, na anayeishi naye ataonekana mwongo. Mama alihitaji mtu wa kuwa naye mchana kutwa, wa kumkumbusha kula, kumwogesha na kumvika. "Tafuta mwanamke," daktari alinishauri. "Wewe ni mwanawe wa kiume. Hatakubali."

Sikumwelewa hadi siku uji ulipommwagikia na mimi nikajaribu kumsaidia kuvua sweta lililolowa. Alipiga ukelele ulioleta nusu ya mtaa: "Tarishi ananivua nguo!" Balozi wa nyumba kumi alifika akiwa na fimbo. Ilinilazimu kumweleza, mbele ya vijana wawili wa bodaboda waliozima pikipiki zao ili wasikie vizuri, kwamba mimi ni mtoto wa kwanza wa mlalamikaji.

Tangu siku hiyo mama huogeshwa na jirani, mwanamke mwenye ng'ombe wake, watoto wake na shamba lake, pale anapopata nafasi. Asipopata nafasi, mama haogi. Yeye ambaye hakuwahi kufungua kikao bila kitenge kilichopigwa pasi, sasa anakaa uani, mbele ya mistari yake ya viti, akinuka mkojo. Hilo ndilo suala lenyewe. Mengine yote ni maelezo ya ziada.

Sikukuu ya Pasaka wadogo zangu walikuja. Niliwaita sebuleni kwa ajenda moja. Kabla sijafungua mdomo, mama alitoka chumbani, akaona watu wameketi, akaenda moja kwa moja kwenye kiti kikubwa.

"Katibu, akidi imetimia?"

Nilikuwa nimepandishwa cheo. "Imetimia, mheshimiwa mwenyekiti."

Mdogo wangu wa kiume alininong'oneza kwa furaha: "Huyu ndiye mgonjwa wako?"

"Mjumbe mwenye shati la mistari," mama alisema, "kama una hoja, ipitishe kwa mwenyekiti. Kama huna, nyamaza. Katibu, ajenda."

"Ajenda ni huduma ya mama."

"Mama yupi?"

Mdogo wangu wa kike aliinamisha macho kwenye zulia. Ilibidi nijibu mimi. "Mama mmoja mzee wa hapa hapa Nangara. Anasahau. Hawezi kuoga mwenyewe."

"Maskini. Hana watoto?"

"Anao watatu, wazima. Wawili wana kazi nzuri."

"Sasa anaogeshwa na nani?"

"Na jirani, akipata nafasi. Nyumbani yupo mtoto wa kiume tu."

Mama aligonga meza. "Wa kiume! Hana binti?"

"Anaye. Yuko Dodoma."

"Dodoma ni Ulaya?"

"Mama, mimi nina kazi!" mdogo wangu wa kike aliropoka.

"Tulia, binti yangu, sijakuuliza wewe. Tunamzungumzia binti wa yule bibi. Wewe unaonekana umelelewa."

Kisha akatoa azimio, kwa utaratibu ambao sijauona katika vikao vya watu wenye magari ya serikali. Binti achukue likizo, aje akae na mama yake, amtafute mwanamke mwaminifu wa kuishi naye, kisha amfundishe kazi. Kijana wa biashara amlipe mwanamke huyo mshahara kila mwezi, bila kusubiri kukumbushwa. "Anayepinga?" Hakuna. "Wanaounga mkono?" Mikono yote ilipanda, wa mama ukitangulia. Katika mengineyo aliuliza kama wageni wa mkoa wamekwisha kula, akafunga kikao kwa sala.

Alisimama kuwaaga wajumbe. Alipofika kwa binti yake, alimshika mkono, akakunja goti kidogo, akasema, "Shikamoo."

Na mdogo wangu, kwa kuchanganyikiwa, akajibu: "Marahaba."

Mdogo wangu wa kiume alitoka nje kwenda kukagua matairi ya gari lake, ambayo hayakuwa na tatizo lolote.

Jioni alirudi na pingamizi. Kama mama hana akili timamu, alisema, azimio lake ni batili. Kama anazo, basi hahitaji mtu wa kumwogesha. "Chagua moja, kaka." Nilimjibu kwamba yeye mwenyewe alinyoosha mkono, na akili zake hazijawahi kutiliwa shaka na daktari yeyote. Alfajiri waliondoka wote wawili. Mdogo wangu wa kike hupiga simu kila wiki, na mama humweleza kwa sauti ya heshima kwamba hali ni shwari na maandalizi yanaendelea. Wakimaliza, mdogo wangu huniandikia ujumbe: "Mbona mama mzima kabisa?"

Sasa jirani amenitaarifu kwamba anakwenda Sigino kumwangalia binti yake anayekaribia kujifungua, na hajui atarudi lini. Akiondoka, hakuna mwanamke atakayemgusa mama yangu.

Kwa hiyo ninadai rasmi, kwa wadogo zangu wote wawili, yafuatayo kabla jirani hajaondoka. Wa kike anijulishe siku atakayowasili. Wa kiume anijulishe mshahara atakaolipa na utaanza lini. Azimio lilipitishwa kihalali, wote wakiwapo na bila pingamizi. Asiyekusudia kulitekeleza asinitumie ujumbe. Aje Nangara mwenyewe, aketi mbele ya mwenyekiti, na amweleze ana kwa ana sababu zake.