Jina la Baba Mkwe

Siku zile kituoni kwa polisi tulikuwepo hawa. Mimi. Mjane wa Kimasai wa upande wa Loliondo, rafiki yangu tangu enzi anashusha mbuzi mnadani Karatu na kulala kwangu Mbulumbulu. Mkwe wake, mke wa mwanawe mkubwa, ndiye aliyefungwa. Mtoto wa huyo mkwe, bado wa kunyonya, alikuwa mgongoni kwangu. Afisa. Na Wahabeshi nyuma ya nondo, wasafiri waliokamatwa njiani, ambao hawakuwa ndugu wa mtu yeyote pale. Majina ya watu wangu ninayo yote kichwani, hata ya mbuzi. Siyaandiki, na sababu mtaiona.

Mkwe alikuja kumleta mtoto hospitali, akafikia kwangu. Akaenda sokoni kununua sabuni, mtoto akaniachia amelala. Huko walikuwa wanakamata wasio na kitambulisho. Chake alishaomba, akaambiwa asubiri, naye alikuwa anasubiri. Wakasema ni Mkenya, atarudishwa kwao. Kenya yeye anaiona kwa mbali akichunga, kama mtu anavyoona mvua ya jirani.

Nilipofika na kande na mtoto, kande iliingia, mtoto akakataliwa.

"Bibi, mtoto hana kosa. Hawezi kuwekwa mahabusu."

"Basi mwanangu, mtoe mama yake anyonyeshe."

"Mama yake ana kesi."

Kwa hiyo sheria iliwatunza wote wawili.

Kile chumba kilikuwa kidogo kuliko banda langu la ndama, na ndama wangu hubadilishiwa majani. Wanawake upande huu, wanaume upande ule, saruji tupu, ndoo moja ya haja kila upande. Chakula ni kile ulicholetewa na ndugu. Ndugu wa Wahabeshi walikuwa Uhabeshi. Walinzi waliwaita mizigo. "Mizigo imeamka?" Mmoja mguu ulimvimba mpaka ukang'aa, alipoomba dawa alimwagiwa maji, wakasema sasa amepoa. Mkwe alipitisha kande yake kwao kwenye nondo, ndiyo maana kesho yake nilipika sufuria kubwa.

Yeye walimvua shanga na hereni zote, eti asijinyonge. Mke wa Kimasai ukimvua zile hereni umemwambia mumewe amekufa. Alikaa ameziba masikio kwa viganja.

Afisa akasema jambo ni rahisi: ataje kijiji chake na jina la baba mkwe wake, aachiwe. Kijiji alitaja. Baba mkwe, kimya. Kwao mke hamtaji baba mkwe hata akiwa hai, na huyu alikuwa amekufa, jina wamelizika naye. Kulitamka ni kulitukana boma zima.

"Hajui," afisa akasema.

Nikalitaja mimi. Mimi ni Mwiraqw, wengine hutuita Wambulu, na marehemu hakuwa mkwe wangu.

"Bibi, umekamatwa wewe?"

"Hapana."

"Basi nyamaza."

Nikamwita mjane kwa simu. Akaja juu ya lori la ng'ombe.

"Mama, mumeo aliitwa nani?"

"Baba wa watoto wangu."

"Jina!"

"Ndilo hilo."

Afisa akacheka. "Kumbe na huyu ni Mkenya."

Mjane akanigeukia. "Mbulu wewe, mwambie huyu kijana mama yake hakumfundisha."

"Mwambie mwenyewe, Kiswahili unacho."

"Changu ni cha kuuza mbuzi. Cha kutukana sina."

Akakaa kwenye benchi pembeni yangu, bega kwa bega.

Gari la kwenda mpakani likawashwa. Mtoto alikuwa amekataa maziwa ya ng'ombe, ya mbuzi ameyatapika, na sasa alikuwa analia bila sauti. Mkwe alisimama kwenye nondo, shuka limelowa maziwa kifuani. Akamtazama mtoto. Hakumtazama mama mkwe. Kisha akalitaja lile jina, kwa sauti, na la baba mzazi wa huyo marehemu akaliongeza.



"Mngesema mapema," afisa akasema, akatafuta ufunguo. Shanga zilirudi. Hereni moja haikuonekana.

Alinyonyesha pale pale mlangoni, uso chini. Mtoto aliposhiba, mama yake akaenda mbele ya mjane akainamisha kichwa kama mtu anayesubiri fimbo.

"Mnatoka saa hizi?" mjane akasema. "Mimi nilikuwa nje najisaidia. Kuna mtu amesema kitu?"

Akamgusa utosini, kama anavyomsalimia kila siku. Wahabeshi wakapakiwa kwenye lile gari, wa mguu akibebwa.

Ndivyo ninavyokumbuka. Aliyekuwepo akiona nimekosea, rangi ya shuka au mguu ulikuwa upi, anisahihishe, sitakasirika. Ila mjane alikuwa nje. Hapo msinisahihishe.